Mdogo wangu anauza nguo zilizotufungia kiwanda, na sasa ananiita dukani

Assalaam alaykum Somo,

Nina miaka 47, mama wa watoto wanne, nakaa Ng'ambo hapa mjini Unguja. Kwa miaka 19 nimefanya kazi kiwanda cha kushona nguo. Nilianza kwa kukata nyuzi zinazoning'inia baada ya mshono, nikapelekwa kwenye kola, na mwisho nikawa msimamizi wa laini nzima ya sare za skuli, wanawake 22 na cherehani zao.

Mwezi wa tano tajiri alitukusanya, akasema kiwanda kinafungwa. Oda zimekwisha. Maduka yaliyokuwa yakichukua kwetu sasa yanachukua nguo za China zinazopitia Dubai, na yeye hana tena pa kushusha bei. Hakusema uongo. Blauzi nyeupe ya skuli kwetu haikuweza kutoka chini ya shilingi 12,000. Ya nje mtu anaipata dukani kwa 7,500, imekunjwa vizuri na vifungo viwili vya akiba. Tulilipwa mshahara wa mwezi ule na kiasi kidogo juu yake, tukaambiwa ndiyo kiinua mgongo, tukatia saini. Wenzangu wengi hawakusoma. Mimi nilisoma, lakini mkono ulikuwa unatetemeka, sikushika hata neno moja.

Somo, linaloninyima usingizi ni mdogo wangu, wa tumbo moja. Ana maduka mawili, moja lipo Darajani, na anauza hizo hizo sare za skuli. Analeta kwa kontena. Na mtaji wake wa kwanza, mwaka 2011, ulikuwa upatu wangu. Zamu yangu ilifika pale kiwandani, nikazifunga pesa zote kwenye pindo la kanga, nikampelekea. Akaenda Dubai, akarudi na mabegi mawili. Alinirudishia mpaka senti ya mwisho, na baba alipofariki yeye ndiye aliyesimama na kila kitu. Simsemi kwa ubaya hata kidogo.

Sasa ananiita. "Dada, njoo usimamie duka. Wewe unaijua nguo kuliko mtu yeyote." Mshahara aliotaja ni mdogo kuliko wa kiwandani, lakini ni mshahara.

Siku moja nilikwenda kuangalia. Nilichukua blauzi moja nikaigeuza ndani nje. Mshono wa ubavuni ni mwembamba, nguo iliyoachwa ndani haifiki nusu ya kidole, mtoto akinenepa hakuna pa kutanulia. Sisi tulikuwa tunaacha vidole viwili, maana mama wa hapa anataka blauzi ivaliwe miaka miwili, kisha arithi mdogo mtu. Nilivuta uzi mmoja, ukafunguka mpaka kwapani. Nikaona haya, nikailipia. Ipo kabatini mpaka leo.

La pili. Nina mtoto wa mama mdogo yuko Marekani, jimbo la Michigan. Alikuwa kiwanda cha vipuri vya gari, mwaka 2009 kazi ikahamishiwa Mexico. Aliniambia kwenye simu kwamba kule mtu akipoteza kazi kwa sababu ya biashara ya nje Serikali inamsaidia. Yeye alisomeshwa bure na alikuwa akilipwa kila wiki huku anasoma. Niliwasimulia wenzangu na wakashika hapo hapo. Tupo 31. Tumeandika barua kwa Serikali ili na sisi tufanyiwe hivyo. Barua nimeiandika mimi, katibu ni mimi. Kila mmoja anatoa shilingi 1,000 kwa wiki, za nauli na fotokopi.

Kikao kilichopita, rafiki yangu ambaye tumekaa cherehani jirani miaka 12 alisema mbele ya wote: "Tusije tukamkuta katibu wetu amesimama dukani anauza kilichotuua." Sijui kama ameshasikia. Mimi nilinyamaza, nikaendelea kuandika mahudhurio.

Mume wangu ni mvuvi. Kusi likivuma kuna siku anarudi na samaki wa mchuzi tu. Anasema niende dukani, watoto hawali barua. Mama anasema kumkatalia ndugu ni kumtukana. Mimi naona nikienda nimewauza wenzangu, na nikikataa nimemvunja ndugu yangu na nyumbani hakuna kitu. Anataka jibu kabla Ramadhani haijaingia.

Nifanye nini, Somo? Na kweli Serikali inaweza kutulipa kama Marekani?

Katibu, Unguja


Wa alaykum salaam mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na pale pa upatu nimeparudia mara ya tatu. Pole. Miaka 19 ni umri wa mtu mzima anayeweza kuoa. Kiwanda kufungwa ni msiba, ijapokuwa watu hawaji kukupa mkono wala hakuna anayekuletea chai.

Nikikuelewa vizuri, umesimama baina ya milango miwili na umejiaminisha kwamba kuufungua mmoja ni kuupiga kufuli mwengine. Mmoja ni duka la mdogo wako. Wa pili ni wenzako 30 na ile barua. Ningependa tukae kidogo tuitazame hiyo kufuli, maana sina hakika kama kuna mtu ameitia isipokuwa wewe mwenyewe, na labda kauli moja ya rafiki yako.

Kwanza mdogo wako. Unasema anauza "zilizotufungia kiwanda", na kweli anaziuza. Lakini mimi ni mkubwa kwako, naukumbuka mwanzo wa miaka ya themanini hapa Unguja. Foleni ya mchele, foleni ya sukari, sabuni inaulizwa kwa kunong'onezana, na kitambaa ndiyo usiseme. Mwaka 1984, Ali Hassan Mwinyi alipokuwa Rais wa Zanzibar, biashara ya kuingiza bidhaa ilifunguliwa. Mama yangu alinunua doti mbili za kanga siku moja, akazitandika kitandani akazitazama. Mlango ule uliomletea kanga zake ndio ulioipitisha, miaka mingi baadaye, blauzi ya 7,500. Ukimtafuta aliyekifunga kiwanda chenu, mdogo wako utamkuta ndani ya umati mkubwa, na mimi nimo, kwa kuwa mjukuu wangu anavaa blauzi hizo hizo.

Nakwambia haya ili usimbebeshe mtu mmoja mzigo wa nchi nzima. Sisemi kwamba hamkudhulumika. Hebu piga hesabu. Kila mzazi anayenunua blauzi ya nje amebakisha shilingi 4,500 mkononi. Faida imetawanyika kwa maelfu, kila mmoja kidogo, hata hatuioni. Hasara imewakalia nyinyi 31, nzima nzima. Ndiyo maana madai yenu si ya kuomba omba. Nchi nzima ikipata nafuu kwa sababu ya jambo fulani, ni haki kuuliza wale wachache waliolilipia wanapata nini.

Hoja hiyo hiyo ndiyo iliyotumika Marekani. Mwaka 1962 Rais John F. Kennedy alitaka kupunguza ushuru wa bidhaa za nje, na katika sheria hiyo hiyo ya biashara ukawekwa mpango wa kuwasaidia wafanyakazi watakaoumia. Ndugu yako wa Michigan alikuambia kweli. Watu watatu au zaidi wa kiwanda kimoja, au chama chao, walikuwa wanapeleka maombi Wizara ya Kazi. Maofisa wakachunguza kama ni bidhaa za nje, au kazi kuhamishiwa nje, ndiko kulikochangia watu kuachishwa. Ikithibitika, mafunzo yalilipiwa, posho ya kila wiki ilifuata baada ya ile ya kawaida ya kukosa kazi kwisha, na ulikuwepo msaada wa kutafuta kazi na hata wa kuhama mji. Kuna kipengele kimoja nakipenda hasa. Mfanyakazi wa miaka 50 na zaidi akipata kazi ya mshahara mdogo kuliko ule wa zamani, aliweza kujaziwa nusu ya pengo kwa muda maalumu, kwa masharti yake. Waliotunga sheria walijua kwamba mtu mzima akipoteza ufundi wake mara nyingi hurudi kazini kwa pesa chache zaidi, kama hivi mdogo wako anavyokuita.

Lakini sikiliza na upande wa pili, na ninaomba uwasomee wenzako. Kwa miaka ya mwanzo, mpaka mwishoni mwa 1969, halikupita ombi hata moja la wafanyakazi. Masharti yalikuwa magumu mno. Ilibidi sheria mpya ya 1974 ije iyalegeze. Na tangu tarehe 1 Julai 2022 mpango umesimama kwa watu wapya, kwa sababu Bunge lao halikuuongezea muda. Waliokwisha kukubaliwa kabla ndio wanaomalizia. Mfanyakazi wa Michigan anayefukuzwa leo kwa sababu kama ya ndugu yako haupati mlango ule.

Sasa hapa kwetu. Hakuna mfuko uliowekwa hasa kwa mfanyakazi aliyepoteza kazi kwa sababu ya bidhaa za nje. Huenda mmesikia kwamba Bara NSSF, yaani Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, wana fao la kukosa ajira, lililokuja na sheria ya 2018, theluthi ya mshahara kwa miezi sita. Huo ni mfuko wa Bara na sheria yake. Wetu ni ZSSF, Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ulioanza 1998, nao una sheria yake wenyewe. Kwa hiyo barua yenu haidai kitu ambacho tayari kimeandikwa mahali. Inaomba kiandikwe. Ni kazi ya heshima na inafaa ifanywe, ila ni kazi ya miaka. Unga wa futari unatakiwa mwezi huu.

Jambo ambalo hukuliuliza, nami linanitia wasiwasi kuliko yote, ni ile karatasi mliyotia saini. Kabla ya msaada wa Serikali kuna haki yako kwa tajiri. Zanzibar tunayo Sheria ya Ajira, Namba 11 ya 2005, na kupunguza wafanyakazi kuna utaratibu wake ndani ya sheria hiyo. Chukueni nakala zenu mwende Kamisheni ya Kazi, muulize kama mlicholipwa ndicho mlichostahiki. Msikawie, maana malalamiko ya kazi yana muda wake wa kufunguliwa. Kisha nenda ZSSF na kitambulisho, uombe taarifa ya michango yako mwezi kwa mwezi, na uwaulize fao moja moja ni lipi linalokuhusu. Tazama kama kila mwezi uliokatwa umeingia. Nimeona watu waliokatwa mshahara miaka na miaka kisha wakakuta mianya kwenye daftari. Ukienda kwa ajili yako umekwenda kwa ajili ya wote 31, na hapo ukatibu wako una kazi kubwa zaidi ya kupeleka barua. Kama mna chama cha wafanyakazi mlichokuwa mkikatiwa ada, huu ndio wakati wa kukigongea mlango.

Tuje kwenye duka. Mama yako anasema kukataa ni kumtukana ndugu. Yeye mdogo wako amesema hivyo? Mtu aliyekurudishia mkopo mpaka senti ya mwisho nadhani anaweza kustahamili kuambiwa "sijawa tayari" na bado akabaki ndugu. Na kama utaenda, usiende kama mtu anayesaidiwa. Wewe ndiye uliyemfungulia njia. Kaa naye, siyo mbele ya wateja, mzungumze mshahara, saa za kazi, michango ya ZSSF, na siku ya mapumziko. Muandikiane. Dada mkubwa kuwa mfanyakazi wa mdogo wake si jambo jepesi. Siku atakapokukosoa kwa hesabu isiyolingana, utamsikia kama tajiri au kama mtoto uliyembeba mgongoni? Undugu mwingi umevunjika kwenye droo ya pesa. Mnaweza kukubaliana muda mfupi, tuseme mpaka baada ya Idi, kisha mkatazamana upya bila ya yeyote kuona ameachwa.

Na mueleze habari ya ule uzi uliofunguka mpaka kwapani. Inawezekana anataka mtu wa kusimama kaunta tu. Inawezekana pia hajui anachouza, na jicho lako likawa na thamani kwake kuliko mikono yako: kukagua mzigo kabla hajaulipia, kurekebisha nguo kwa cherehani moja pale pembeni, kushona ukubwa ambao kontena halileti. Sikuahidi kwamba atakubali. Wafanyabiashara wengine hawapendi kusikia habari ya mshono.

Wapo watakaokwambia mfungue kikundi, mkope, mshone wenyewe. Nakuomba uende taratibu hapo. Mkishona blauzi ile ile nyeupe mtakutana na 7,500 ile ile iliyomshinda tajiri mwenye mashine zote. Palipo na nafasi ni pale ambapo nguo ya kontena haifiki: skuli binafsi zenye rangi na nembo zao, sare za wafanyakazi wa mahoteli, buibui la kupimwa mwilini. Wakala wa Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi, ZEEA, wana mikopo kwa vikundi. Kaulizeni, na muulizie mapema habari ya riba, marejesho, na nani anamdhamini nani. Kikundi cha watu wenye njaa kikikopa, wa kwanza kushindwa huwavuta wengine, na urafiki wa miaka 12 huishia kwa sheha. Wewe binafsi ningekutuma pia Mamlaka ya Mafunzo ya Amali, pale kituo chao cha Mwanakwerekwe. Kujifunza kushona huhitaji, lakini waulize kama wanahitaji mtu wa kufundisha. Mtu aliyesimamia laini ya wanawake 22 ana ilimu ambayo haimo vitabuni. Huenda wakataka cheti kwanza. Basi uliza namna ya kupimwa ujuzi ulio nao.

Halafu rafiki yako. Ulinyamaza, ukaendelea kuandika mahudhurio. Nakuona kabisa, kichwa chini, kalamu inakwenda. Hapo ndipo ninapokuogopea kuliko dukani. Wakijua kwa mtu mwengine, hata kama umekaa dukani siku moja tu, hawatakumbuka barua uliyoandika. Wakijua kwako, wanaweza kukasirika, wanaweza hata kukuvua ukatibu, na itauma. Lakini umewahi kujiuliza ni nini hasa alichokuwa anakiogopa aliposema vile? Mimi nilipoisoma kauli yake sikusikia chuki. Nilimsikia mtu anayeogopa kubaki peke yake. Wewe una mdogo wako mwenye maduka. Yeye ana nani? Nenda nyumbani kwake kabla ya kikao, mchana, wakati watoto wapo chuoni. Mwambie kila kitu, na upatu pia.

Mume wako naye ana haki, watoto hawali barua. Wala barua haihitaji mtu akae na njaa ndiyo isomeke. Mtu anaweza kuuza duka asubuhi na jioni akaenda kwa Mwakilishi wa jimbo lake na wenzake. Swali ni kama moyo wako utabeba yote mawili, na kama wenzako watakuruhusu. Hayo siwezi kukujibia kutoka hapa. Unaweza pia kuwaambia wamchague katibu mwengine, wewe ukabaki mwanachama wa kawaida unayetoa shilingi 1,000 yako kila wiki kama wengine.

Nisiache hili. Mkiiandika upya barua, na naona muiandike upya, msiseme tu "tulipwe kama Marekani". Atakayeisoma atajibu kwamba hapa si Marekani, na faili litafungwa. Semeni mlikuwa wangapi, kwa miaka mingapi, mnajua kufanya nini, bei yenu ilikuwa ngapi na iliyowashinda ni ngapi. Semeni mnachoomba kinachoweza kutendeka mwaka huu. Mnaweza kuomba sehemu ya zabuni za sare zinazonunuliwa kwa pesa za umma, au sehemu ya kufanyia kazi, au mafunzo kwa wale walio vijana bado. Kisha ongezeni ombi kubwa, kwamba nchi ikifungua bandari iwe na fungu la wale watakaoumia.

Na ile blauzi iliyo kabatini, itoe. Nayo itafute moja mliyoishona wenyewe, ya vidole viwili. Nendeni nazo zote mbili, mzigeuze ndani nje mezani kwake huyo Mwakilishi, mumuachie avute uzi mwenyewe.

Niandikie ukishatoka ZSSF.

Somo wako